Pahali pa Kumlaza Lachlan

Tarrant Bay, Tasmania
Jumatatu, mwezi wa nane

Kwako dada yangu mpendwa Beryl,

Salamu nyingi sana, na pole ya goti. Natumaini barua hii itakukuta umeshaanza kulikunja, na kwamba yule daktari wako wa Geelong ameacha kukuzungusha. Shemeji naye nasikia kikohozi kimemwachia. Mwambie asithubutu kwenda kuvua samaki tena na baridi hii. Mimi mwili ni mzima. Kuni zipo, kuku wanataga siku wanayojisikia, na theluji imeshuka mlimani mpaka kwenye malisho ya jirani. Sikukupigia simu kwa sababu nikianza kuongea nitapiga kelele, na nikipiga kelele utaniambia nitulie, nami nimechoka kuambiwa nitulie. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, na utanivumilia.

Ni habari ya Lachlan. Unajua kwamba baada ya ile ajali ya pikipiki, kabla ya Krismasi, majivu ya mwanangu yaliwekwa kwenye rafu ya jikoni, kati ya redio na kopo la chai. Si mimi niliyependa yakae hapo. Niliwaomba Marafiki, wenzetu wa kanisani, jambo moja tu: wampe nafasi kwenye ua wetu wa makaburi, pembeni ya baba na mama, na jiwe dogo kama la wengine wote, jina na miaka, basi. Jeshi lilitaka kuleta kibao cha shaba chenye nembo yao. Nikawakatalia kwa adabu, maana najua sisi ni watu wa namna gani, tusiotaka habari za vita. Sikuomba bendera wala tarumbeta. Niliomba shimo la kina cha mkono.

Wewe uliondoka zamani ukaolewa na Wakatoliki wako, ambako padri akisema ndiyo imekwisha, kwa hiyo nikukumbushe mambo yanavyokwenda hapa. Hatupigi kura. Mara moja kwa mwezi, ibada ya kimya ikiisha, tunabaki vitini. Karani anataja jambo, tunanyamaza. Anayesukumwa moyoni anasimama na kusema lake, tunanyamaza tena. Karani anasikiliza mkutano unaelekea wapi, anaandika azimio pale pale, anatusomea, nasi tunaitikia kwamba tunatumaini ndivyo. Akitokea hata mmoja akasema hawezi kuungana na wenzake, jambo linalala mpaka mwezi ujao. Tumekulia humo, mimi na wewe, na nilikuwa nauonea fahari utaratibu huo. Nilikuwa nawaambia majirani kwamba kwetu hakuna wa kushinda wala wa kushindwa. Jamani, nilikuwa sijawahi kuwa na shida.

Karani siku hizi ni Philippa, yule aliyekuwa akifundisha piano, mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Alilitaja ombi langu vizuri tu, tukanyamaza, nikajua dakika si nyingi nitakuwa njiani kurudi nyumbani. Mara akasimama Alwyn Cotterill. Unamkumbuka Alwyn, aliyefungwa enzi za Vietnam kwa kukataa kuitwa jeshini, akatoka gerezani akakuta baba yake mzazi amemfungia mlango. Sasa ni mzee, mikono inamtetemeka. Akasema alimpenda Lachlan, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Lakini Lachlan alijiandikisha jeshini kwa hiari yake, akaenda Afghanistan, akarudi, akaenda tena. Akasema ua ule ni kipande pekee cha ardhi anachokijua ambacho hakina askari hata mmoja ndani yake, na kwa hiyo hawezi kuungana na jambo hili. Akaketi. Philippa akaandika kwamba mkutano haujawa tayari na utaendelea kungoja.

Beryl, mwanangu huko jeshini alikuwa fundi wa magari. Alikuwa anatengeneza breki.

Basi nikangoja. Januari watu walikuwa pwani na wajukuu zao. Mwezi uliofuata wakasema tunahitaji nuru zaidi. Baadaye wakateua watu watatu waje kuketi nami; wakaja, wakaketi, wakanywa chai yangu huku Lachlan akiwaangalia kutoka rafuni, wakaondoka bila kusema lolote la maana. Kisha Neville, yule mjuzi wa taratibu ambaye hata mlango haufungui bila kuuliza kama ni desturi, akainuka kusema ati kabla ya kufika kwenye ombi la Glenys, labda tulitazame kwanza swali pana la nani hasa ni wa kwetu, kwa kuwa Lachlan alikulia humu lakini ukubwani hakuomba uanachama. Swali pana, bibi wee. Damu ilinichemka hadi masikioni. Na siku hiyo hiyo, kuhusu uzio wa kuwazuia wanyama wa porini wasile mawaridi, tuliungana kabla chai haijachemka. Mawaridi yalipata azimio lao.

Lakini kilichonikera kuliko vyote si Alwyn. Ni ile supu ya baada ya mkutano. Mtu anakujia na bakuli lake mkononi, anakukumbatia, anakunong'oneza kwamba anakushika kwenye Nuru kwa maombi, Glenys mpenzi, na kwamba kama si yule mzee jambo hili lingekuwa limekwisha siku nyingi. Mmoja, wa pili, wa tatu, wote wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Philippa mwenyewe alinipapasa bega akasema Alwyn ni mzigo ambao Mungu ametupa tuubebe. Nikamuuliza mbona hakuna hata mmoja wenu aliyesimama mle ndani akamwambia hayo. Akatabasamu, akasema ni lazima tumwachie nafasi. Wote wamejificha nyuma ya mgongo wa mzee mmoja anayetetemeka, halafu wanataka mimi niwashukuru kwa huruma yao.

Mwezi wa sita nikapandwa na mori, nikaenda kwa Alwyn. Nilimkuta anamenya matunda ya kupikia jemu. Sikumsalimia. Nilimpasulia yote, Beryl, hata yasiyosemeka: kwamba anamwogopa maiti, kwamba amekaa na gereza lake miaka yote hiyo kama mtu aliyeshinda kombe, kwamba baba yake alimfungia mlango na yeye sasa anamfungia mwanangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akaniambia nimsamehe, lakini akinyamaza kwa hili hajui alifungwa kwa ajili ya nini. Halafu akaweka kisu chini na kusema kwamba tangu siku ile ya kwanza na yeye anangoja mtu mmoja wa mkutanoni aje amwambie, Alwyn, umekosea. Hajaja mtu. Akasema wanamletea keki. Akanifungulia kabati, na kweli, keki zilikuwa zimepangwa mpaka juu. Wewe ndiye wa kwanza kunigombeza, akasema, karibu ukae. Sikukaa. Niliondoka bila kwaheri, ila njiani nikajikuta sina hasira naye tena, zote nimebaki nazo za wale wengine.

Sasa sikia ya jana. Jana ulikuwa mkutano wa shughuli. Philippa akalitaja ombi langu kwa ile sauti yake ya pole, na mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Alwyn akasimama, ikamchukua muda kunyooka. Akanitazama mimi, hakumtazama karani, akasema: siungani na jambo hili, ila sitalizuia. Akakaa. Ukiwa mtoto wa Marafiki unajua maneno hayo maana yake nini, kizuizi kimeondoka. Watu wakaanza kulia. Neville akalia, naapa, akatoa na leso. Philippa akaandika, akatusomea kwamba mkutano umemfikia Rafiki yetu Alwyn kwa subira na upendo, na kwamba Lachlan atapewa nafasi pembeni ya babu na bibi yake. Wote wakaitikia kwamba wanatumaini ndivyo. Kisha akaniuliza kama nina neno. Nikanyamaza, na kimya changu kikawa kirefu, na yeye akainama akaongeza mstari: mama yake amepokea kwa shukrani. Akausoma. Wakaitikia tena.

Siku imeshapangwa, Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Neville amejitolea kuchimba. Kuna atakayeleta supu. Walinibusu mashavu yote mawili mpaka yakalowa, wakajipongeza kwa jinsi njia yetu ilivyo nzuri, jinsi ambavyo ukingoja tu, mambo hujipa. Nilitaka kuipindua meza na mabakuli yake.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu, dada. Hakuna majivu ya kuzika. Lachlan yuko makaburini tangu Julai.

Nilimzika siku ya usafi. Si unakumbuka kila majira ya baridi tunakwenda na majembe na makasi kuutengeneza ua. Nilinunua mche wa waratah, lile ua jekundu la mlimani alilokuwa analipenda, nikamwambia Philippa nataka kuupanda karibu na baba na mama. Akafurahi, akasema ni wazo zuri la kunituliza. Majivu nilikuja nayo kwenye ndoo ya mbolea, mchana kweupe, nikapita nayo katikati yao. Mmoja alinipisha njia, akaniambia nisijiumize mgongo.

Ila Alwyn alikuwa ameng'ang'ania kuchimba shimo mwenyewe. Sikuweza kumfukuza. Nilipomimina, aliona. Alimzika mke wake hivyo hivyo, anajua mbolea na anajua majivu ya mtu. Akasimamisha jembe. Nikamwambia ndiyo, ni yeye. Huko nyuma yetu Neville alikuwa anacheka na wenzake juu ya chupa ya chai iliyomwagika. Nilijiweka tayari. Nilikuwa nimeamua akiita watu nitalala juu ya shimo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu: siungani na jambo hili, Glenys, ila sitakuzuia. Akapiga magoti, akarudisha udongo kwa mikono yake, ile mikono inayotetemeka, akaukandamiza kuzunguka mche. Akaniambia nisimwombe kusema uongo, akiulizwa atajibu. Hakuna aliyemuuliza. Kwetu hakuna anayeuliza.

Basi jana hakufikiwa na subira ya mtu yeyote. Alikuwa anarudia mbele yao lile ambalo alishaniambia mimi tukiwa wawili, kwa sababu hawezi kuwa na neno moja shimoni na lingine kitini. Alinipa na nafasi ya kusema, ndiyo maana alinitazama. Na mimi, baada ya kuwalaani watu miezi yote hii kwa kukaa kimya, nilikaa kimya. Hasira niliyo nayo leo, Beryl, sehemu yake kubwa ni ya kujikasirikia mwenyewe. Nimeandikwa kwenye azimio kuwa na shukrani ambayo sina, juu ya maziko ambayo yalishafanyika, na nimeiacha ipite.

Nikuambie na aibu yangu yote. Jana jioni nilisimama mbele ya jiko la kuni, nikatazama majivu ya kuni, nikawaza: nani atajua? Ningelijaza lile kopo lake tupu la majivu, tungezika, tungekunywa supu. Nilichukua hata koleo. Kisha nikamwona Alwyn akilini mwangu, akisimama pale makaburini na midomo imefungwa, akiyazika majivu ya jiko langu pamoja nao, akingoja aulizwe. Nikayamwaga majivu kwenye banda la kuku.

Kwa hiyo nimekata shauri. Jumamosi ile nitakwenda mikono mitupu. Watakapokuwa wamezunguka wote, na Neville na jembe lake, nitawaambia kwamba alalapo ni chini ya waratah, tangu siku waliyokuwa wakikata vichaka hatua chache kutoka kwake. Nitawaambia kwamba aliyemfukia ni yule yule waliyekuwa wakimlaumu huku wakinywa supu. Alwyn nimempigia simu leo asubuhi, akasema nilitaje jina lake bila kuogopa. Na ule mstari wa shukrani nitaomba ufutwe. Wanaweza kunitoa uanachama. Wanaweza kusema nimeunajisi utaratibu, na hapo watakuwa wamesema kweli. Mwanangu hawawezi kumtoa tena. Ameshakuwa udongo na baba na mama.

Sasa ombi langu. Panda meli ya Alhamisi ya wiki hiyo, goti au si goti, nami nitakuja kukupokea Devonport. Usije kunitetea, wala usije kuniombea. Nataka tu, siku hiyo nikimaliza kusema na wao wote wakaanza kunyamaza, kuwe na mtu mmoja pale wa kunijibu.

Msalimie sana shemeji, na watoto ukiongea nao. Chukua buti, ua una matope hadi kwenye kifundo cha mguu, na sweta nzito, maana chumba cha wageni bado hakijapata moto. Nakutakia afya njema na safari ya amani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Glenys