Baba Yangu Bado Anaishi Kwenye Ukurasa

Mama Dominique mpendwa, jambo. Ninakuandikia nikiwa nimejichoka mwenyewe, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nyumbani hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Lubumbashi, familia yetu ilitoka Kivu ya Kaskazini, mama yangu Perpétue ana depo mjini, duka la jumla la maharagwe na chumvi, na tunakaa Kasungami, na baba yangu Paulin ni mtunzi wa nyimbo za kwaya zinazoimbwa makanisani kuanzia Butembo hadi hapa, ndiyo maana mwaka jana mwalimu wetu alipotufundisha kuandika katika ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika na kusahihisha, makala yangu ya kwanza ilikuwa juu ya baba, ingawa kanuni zao hazipendi mtu aandike juu ya ndugu yake na mimi sikusema kwamba ni baba yangu. Nilijivuna sana siku ile. Nilimfungulia mama ukurasa kwenye simu yake, nikamwonyesha hata mahali pa kubonyeza ili kuhariri, naye akasahihisha jina la kijiji alikozaliwa baba, akacheka, akasema, "Kumbe hata mi ninaweza!"

Mwezi wa kwanza mwaka huu baba alikwenda Goma kufundisha kwaya, akasafiri na Kakule, dereva wa mama, aliyekuwa na mzigo wa kupeleka, na wakiwa hukohuko mji ukaanguka mikononi mwa waasi, simu zikakatika, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, tukabaki kusikiliza redio na kuomba Mungu. Baada ya majuma mengi Kakule alirudi peke yake, bila lori, alizunguka Tanzania na Zambia akaingilia mpaka wa Kasumbalesa. Nilitoka darasani mchana nikamkuta amekaa mlangoni pa depo juu ya gunia tupu, mama alikuwa amekwisha kwenda nyumbani tangu asubuhi, wafanyakazi wake waliniambia kichwa kinamuuma, nikajua ni malaria yake. Kakule akaniambia, "Deborah mwanangu, papa alishakufa. Ilikuwa siku ya yenga, ku mulango ya kanisa, kitabu ya nyimbo ilikuwa mu mukono. Tulimuzika palepale, haraka-haraka, masasi ilikuwa inalia."

Mama Dominique, nilipiga magoti pale kwenye vumbi nikamwomba asimwambie mama, maana mama ana presha na habari hii ingemmaliza. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Minasikia, mwanangu."

Tangu siku hiyo, kila jioni tukimaliza sala, mama ananiambia, "Fungula ukurasa ya papa yako, unisomee." Ninasoma alipozaliwa, nyimbo alizotunga, hadi mwisho kabisa, pale panaposema kwamba anaishi Lubumbashi na mke wake na binti yake. Kisha mama anauliza, "Hakuna mwenye alibadilisha kitu?" Mimi ninamjibu hakuna.

Lakini ninadanganya, kwa sababu kuna mtu asiyejitaja jina anayeingia kwenye ukurasa na kuandika: "Alilala katika Bwana siku ya Jumapili, mlangoni mwa kanisa, kitabu cha nyimbo mkononi." Ninafuta, ninaweka sababu kwamba hakuna chanzo, na kwa kanuni za kamusi nina haki, maana hakuna gazeti wala redio iliyotangaza, na kila nikifuta anarudisha maneno yaleyale. Ninamchukia mtu huyo. Ana roho gani ya kumuua baba yangu mbele ya mama yangu? Sasa msimamizi mmoja wa kamusi ametuonya sote wawili, anasema ataufunga ukurasa asiuhariri mtu tena, na ameniuliza kama mimi nina uhusiano wowote na huyu Paulin. Je, nimwombe aufunge kama ulivyo, bila ile sentensi, ili mama aendelee kusomewa kwa amani? Au niache mtu huyo ashinde?

Ni mimi Deborah, Kasungami

MAMA DOMINIQUE ANAJIBU

Deborah mwanangu, pole. Pole sana. Majina yote nimeyabadilisha, usiogope. Barua yako nimeisoma nikalia, nimeirudia nikakasirika, na sasa utanivumilia.

Kwanza, umefiwa na baba na hujalia. Barua nzima umeniandikia presha ya mama, kanuni za kamusi, msimamizi, na huzuni yako wewe hujaiwekea hata mstari mmoja. Binti wa watu, unabeba maiti peke yako, halafu kila jioni unaisomea wasifu kwa sauti ya kawaida! Nani alikutuma kazi hiyo?

Pili, usijifiche nyuma ya kanuni. Unasema hakuna chanzo. Hapa kwetu mtu akifa, chanzo kinatoka wapi? Familia inakaa, mchungaji anaitwa, tangazo la kilio linapelekwa redioni na jina lake linasomwa, kila mtu anasikia. Kwenu hakuna tangazo kwa sababu hakuna kilio, na hakuna kilio kwa sababu wewe umekizuia. Kisha unamfutia mwenzako ukisema redio haijatangaza. Wewe ndiye uliyeifunga hiyo redio.

Sasa tuje kwa huyo unayemchukia. Mimi simjui, nimesoma barua yako tu, lakini nimeisoma vizuri kuliko ulivyoiandika. Kakule ni dereva wa nani? Amepoteza lori la bosi, amempoteza mume wa bosi, amefika mlangoni pa depo, halafu atakaa juu ya gunia amngoje mwanafunzi? Mama yako alikuwa depo asubuhi. Akaenda nyumbani anaumwa kichwa. Wewe ukasema ni malaria. Na Kakule, ulipomwomba anyamaze, hakukuahidi kitu, alikuambia amesikia. Maskini, angefanya nini? Nadhani alikwisha kumwambia mama yako asubuhi ile, naye mama akashindwa kukuambia, akamwacha yeye akuambie.

Na ile habari ya kitabu cha nyimbo mkononi, nani mwingine Lubumbashi anaijua? Nani ulimfundisha kwa mkono wako mahali pa kubonyeza, akakuambia hata yeye anaweza?

Soma tena swali lake la kila jioni. Ulidhani anaomba baba asiguswe. Mimi naona mwanamke aliyeandika kitu kile asichoweza kukitamka, akakuletea simu ili ukisome wewe, na jioni baada ya jioni wewe unamwambia hakuna kitu. Anadhani hujajua, au anajua kwamba umejua na anakungoja. Mnatunzana ninyi wawili mpaka mtaangamia.

Fanya hivi. Msimamizi mjibu kesho: mwambie wewe ni binti yake, omba radhi kwa kuficha, na usiuguse ukurasa huo tena. Wengine watauandika, tangazo likitoka watakuwa na chanzo. Mwite Kakule, mwite mchungaji, waite wazee wenu wa Kivu walioko hapa, mkae kilio hata kama kaburi liko mbali na njia imefungwa. Kwaya iimbe nyimbo zake. Presha ya mama yako peleka kwa daktari kesho, usiitibu kwa uongo.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo jioni, mkimaliza sala, atakuambia ufungue ukurasa. Fungua. Kama ile sentensi imerudi, isome yote kwa sauti, usiruke neno. Kama haijarudi, sema wewe kwa mdomo wako, unayajua maneno yake. Kisha weka simu chini, umshike mama yako, na mlie.