Kisosi Katikati ya Sinia

Zuhura mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka barazani kwa shangazi, Msimbati, ambako joto linalowesha hata kadi hii ninayokuandikia.

Jana mchana tulizunguka sinia la ugali wa muhogo na samaki changu wa nazi. Nikajaribu kula kama daktari alivyosema nitakuwa nakula nikishafanyiwa ule upasuaji wa kupunguza uzito. Baada ya matonge manne nikatoa mkono. Nilisahau kuwa mimi ni mgeni, na mgeni akitoa mkono wenyeji nao huacha kula. Shangazi naye akatoa wake, na watoto wote wakafuata.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" akauliza.

Ikabidi nimweleze. Nikamwambia na yale unayoyaogopa wewe, kwamba mshono unaweza kuvuja, na wapo wasioamka. Nikamwambia pia sukari haishuki, na magoti yamenifanya niswali kwenye kiti. Hakunishauri chochote. Alisema tu, "Basi rudisha mkono, watoto wana njaa."

Leo ameweka kisosi cha chai katikati ya sinia, ndani yake matonge manne na kipande cha samaki. "Hicho chako," akasema. "Ukimaliza, kaa nasi mpaka tushibe." Nikamaliza, nikakaa, na hakuna aliyetoa mkono.

Hatari ni zilezile, Zuhura, na bado naogopa. Ila nikirudi nitasaini ile fomu ya kukubali upasuaji. Sikulazimishi kukubaliana nami. Nitafutie kisosi tu.

Mungu akutunze mpaka tuonane.

Dada yako,
Mwanahawa