Kisima Kilichopimwa Masika

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimerudi kutoka Makunduchi kwa mama. Jua kali, mvua hakuna. Maji ya kisima chumvi tupu! Nimechemsha chai ya maziwa, maziwa yakakatika, mabonge juu juu. Mama ana presha. Daktari kamkataza chumvi — kisima hakijaambiwa. Nimejaza chupa kubwa, nikaandika kijiji na tarehe ubavuni na kuitia kabatini ofisini, kitengo cha kupima visima. Wakubwa wetu hawaamini mpaka waonje.

Jumanne, 20 Mei 2025

Hatimaye timu yetu imekwenda kupima visima vya kusini, cha Makunduchi kikiwemo. Mei! Katikati ya masika! Mwaka jana walipima Februari. Mwaka huu gari lilikuwa bovu, likatengenezwa mvua ishaanza. Visima vimejaa hadi ukingoni. Kipi kisiwe kitamu?

Muhiddin, mkuu wa kitengo chetu, kwa furaha hana anachokiona tena ila takwimu. Chumvi imepungua kwa asilimia sitini! Anasema tumeonyesha dunia kwamba nchi inahimili mabadiliko ya tabianchi. Kilichobadilika ni mwezi, basi. Nikamwambia turudi kupima kaskazi, msimu wa jua kali. Akasema mkutano wa wafadhili ni Juni, na wafadhili hawangoji kaskazi.

Kinachoniuma ni hiki: kijiji kilichohimili kinatolewa kwenye orodha ya matangi ya maji ya mvua. Eti kimefuzu. Cheti chenyewe hatujakiona, ila tangi tunanyang'anywa.

Jumatano, 21 Mei 2025

Mama kapiga simu. Anauliza tangi lake linakuja lini, maana fundi kashamjengea msingi na saruji ishakauka. Nikasema nitauliza. Muongo mkubwa mimi! Nimeona haya hata kumuuliza presha yake.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Fomu iko mezani kwangu. Jedwali zuri, kijani kibichi kila mahali. Chini kabisa: "Aliyethibitisha takwimu" — na jina langu, Maisara, lishapigwa chapa. Bila saini yangu haiendi.

Asubuhi nikamchemshia Muhiddin chai kwa maji ya ile chupa ya kabatini. Maziwa yakakatika. Akaitazama, akasema: "Maisara, maziwa yako yameharibika haya, tia mengine." Maziwa! Mtu kasimamia upimaji wa visima arubaini, hajui maji ya chumvi yanaifanya nini chai.

Haya. Nikanunua pakiti mpya, nikaifungua mbele ya macho yake. Maji yale yale.

Sasa kasimama mbele ya meza yangu na kikombe cha pili. Ananiona naandika, anadhani najaza fomu. Anasema: "Tia saini, bibie, watu wanangoja." Nikamwambia anywe kwanza. Anapuliza mabonge, hayaondoki. Anauliza mbona na haya mapya yamekatika.

Nimemsogezea chupa. Kavaa miwani. Anasoma: Makunduchi, 3 Februari.