Darubini kwa Ajili ya Kondoo wa Dada Ione

S.L.P. 41,
Kirby Flat,
Wyoming.

12 Septemba 2023

Mpendwa Dada Ione,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za Marva. Nyonga yako inaendeleaje? Bado inakusumbua ukipanda farasi, au yule daktari mpya wa Nevada ameipatia dawa? Sisi huku wazima. Marva anapigana na paa wanaokula kabeji zake, na mpaka leo paa ndio wanaoshinda.

Barua yako niliisomea palepale posta, nikiwa nimesimama. Nilipofika uliposema kwamba kibali cha kuwinda kondoo dume wa milimani kimekuangukia, baada ya miaka ishirini na sita ya bahati nasibu, nilipiga ukelele mpaka mama wa dirishani akaniuliza nani amefariki. Hongera sana, dada. Kaka Odell angekuwa hai angechinja ng'ombe.

Sasa nije kwenye swali lako. Ile darubini ya dola mia tisa uliyoagiza ije kwangu niikague, je, inastahili kukaa juu ya bunduki ya Odell, au ubaki na ile yake ya zamani iliyoingia ukungu? Najua uzito wa swali hili. Ni kondoo mmoja, na kwa umri wetu hakuna kibali cha pili. Risasi ikipotoka kidogo tu, mnyama anakwenda kufia majabalini, nawe utabaki na majuto mpaka kaburini.

Msimamo wangu unaujua. Kwa miaka minne nimeandika katika jarida la klabu yetu kwamba darubini za bei ya kati ni mapambo, na kwamba anayezinunua ananunua rangi nyeusi na majina ya kijeshi. Hii yako nayo imeandikwa "ya kivita" kwenye boksi, kana kwamba kondoo watajibu mashambulizi. Niliipokea kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu.

Nilianza na mateso. Niliilaza kwenye friza siku nzima katikati ya nyama ya kulungu, kisha nikaiweka kwenye jua kali. Haikuingia ukungu hata chembe. Nikaifunga kwenye bunduki yangu, nikaiangusha mara mbili kutoka usawa wa kiuno hadi kwenye changarawe. Risasi iliyofuata ilikwenda palepale ilipokwenda ya kwanza. Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimeshaanza kutunga sentensi kali.

Kisha nikaenda uwanja wa shabaha, kwenye ubao wa yadi mia, kufanya kipimo kinachozimaliza darubini nyingi. Unapiga risasi tano chini ya karatasi ndefu. Unazungusha kile kizibo cha juu kinacholia ti, ti, ti, ukiiamuru darubini ipandishe risasi inchi thelathini na sita. Unapiga nyingine tano ukilenga palepale pa mwanzo. Halafu unapima umbali kati ya matundu.

Matundu yalipanda inchi thelathini na nne na nusu. Nilipiga meza kwa furaha. Dada, nakiri, ilikuwa furaha.

Meza ya pili alikuwa amekaa Lavonne Pruitt, yule mama aliyepima barabara za kaunti miaka thelathini kabla ya kustaafu.

"Hiyo umeihukumu kwa kosa gani, Verl?"

"Uongo. Nimeiambia ipande thelathini na sita, imepanda thelathini na nne na nusu."

"Na ile ya mwaka jana?"

"Vilevile."

"Na ya mwaka juzi?"

"Vilevile! Ndiyo maana nasema ukoo mzima ni matapeli."

"Mashahidi watatu, viwanda vitatu, hawajuani, na wote wanasema neno moja." Alikunywa kahawa yake taratibu. "Bwana mkubwa, hapo mimi ningemchunguza hakimu. Na ile yako ya bei mbaya, uliipima?"

"Ile ya nini kuipima? Ile ni nzuri!"

"Aaa. Kumbe."

Akaenda kwenye gari lake akarudi na utepe wa chuma. Mimi nilishika ncha kwenye ubao, yeye akarudi nao hadi mezani. Yadi tisini na sita.

"Na hili banda la kupigia shabaha, nani alilijenga?" aliuliza, na jibu alikuwa nalo.

Miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyemwaga zege la banda hili, na mimi ndiye niliyesogeza meza mbele hatua nne ili theluji isituangukie migongoni. Ubao tukaendelea kuuita wa mia kwa sababu siku zote uliitwa wa mia. Hakuna aliyepima, na asiyepima kuliko wote ndiye aliyekuwa akiwahukumu wengine.

Lavonne alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Usinune, mzee. Miaka minne umewala wenzako. Sasa kula maneno yako, na chumvi nitakuletea mimi."

Tuliurudisha ubao nyuma hadi yadi mia za kweli, nikapiga tena. Thelathini na sita, na tofauti haikufika unene wa penseli. Nilipandisha na kushusha mara sita, nikapeleka kulia na kushoto, na kila mara ilirudi nyumbani kama ng'ombe wa maziwa. Baadaye nikaipima na yangu. Ilikosea robo tatu ya inchi. Habari hiyo nakupa wewe, na wasomaji mia mbili wa jarida, maana makala nimeshaikabidhi. Kichwa chake ni "Nilikosea", na ndiyo fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nisikufiche kasoro zake. Ni nzito. Ukivuta picha hadi mwisho, jioni inafifia mapema, na kitufe cha taa ni kigumu ukivaa glavu. Lakini kizibo chake kikirudi kwenye sifuri kinagoma kushuka zaidi, kwa hiyo huwezi kupotea mzunguko mzima na kupitisha risasi juu ya mgongo wa mnyama. Kwa bei ile, hiyo ni kazi ya watu wenye heshima.

Hukumu yangu: iweke. Kesho naituma.

Ila ikifika, usiamini uwanja wa mtu yeyote, wala neno la mtu yeyote, langu likiwa la kwanza. Chukua utepe, pima yadi mia zako mwenyewe, kisha mia mbili, kisha mia tatu, upige kila mahali. Kondoo akisimama mbali kuliko ulipopima, mwache apite, hata ikiwa ni siku ya mwisho ya kibali.

Nisalimie Corliss na mumewe, na shangazi Thea mwambie meno yake ya bandia bado nayakumbuka. Mungu akutulizie upepo asubuhi hiyo, na mkono wako akutulizie zaidi.

Wako akupendaye daima,
binamu yako,
Verl Haskett