KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMTHIBITISHA BI. YUSRA SALIMU KWENDA KAMATI YA TAIFA YA SOKA LA WANAWAKE

UMOJA WA SOKA HANDENI NA KOROGWE
KAMATI YA UTENDAJI: KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 17 Mei 2025
Mahali: Ofisi ya Umoja, Kilole, Korogwe

WALIOHUDHURIA
Mzee Mustafa Sabiri (Sindeni), Mwenyekiti
Bi. Edna Castory (Mkumbara), Makamu Mwenyekiti
Ndg. Iddy Yusuph (Handeni), Mjumbe, Waamuzi
Bi. Yusra Salimu (Kilole), Mjumbe, Soka la Wanawake
Ndg. Gregori Mikaeli (Kilole), Katibu, asiyepiga kura

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Bi. Hajira Afisa, Mhazini, anauguza

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri. Alisema hakukiitisha yeye bali Makamu, na kwamba amekuja kwa sababu kanuni inamtaka aje. Bi. Yusra alimwamkia, "Shikamoo mzee." Mwenyekiti aliitikia akiwa anatafuta miwani yake.

KUMB. NA. 2/2025: MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba Shirikisho la taifa limemteua Bi. Yusra kuingia katika kamati yake ya soka la wanawake. Mwenyekiti aliuliza jina hilo lilifikaje huko juu bila kupitia mezani kwake. Katibu alifafanua kwamba klabu ziko chini ya wilaya, wilaya chini ya mkoa, na mkoa hupeleka wajumbe kwenye mkutano mkuu wa taifa; lakini kwa kamati ndogo, mkoa hupendekeza, taifa huteua, kisha umoja anakotoka mtu huulizwa kama ni mwanachama hai asiye na shauri la nidhamu. Kikao hiki ndicho cha kujibu swali hilo. Tusipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mtu wa mkoa mwingine.

Mwenyekiti alisema kumbe basi sisi tunaulizwa tu kama mtoto ameoga, ilhali harusi imeshapangwa.

KUMB. NA. 3/2025: MJADALA
Ndg. Iddy alisema hana ugomvi na Bi. Yusra, ila angependa kujua kwa nini kila jambo jema linashukia Korogwe. Uwanja wenye nyasi uko Korogwe, kozi za waamuzi zinafanyika Korogwe, na sasa taifa. "Handeni tunalima, Korogwe wanavuna," alisema, na akaomba yaandikwe hivyo.

Bi. Edna alijibu kwamba yeye anatoka Mkumbara, ambako hata goli la mbao halipo, na bado hajamwonea mtu kijicho. Ndg. Iddy alimtaka afute neno hilo. Bi. Edna alikataa, akasema hakumtaja mtu, na aliyewashwa ajikune.

Mwenyekiti aliwatuliza wajumbe, kisha akasema tatizo lake ni utaratibu. Alieleza kwamba ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Yeye amewahi kuwa kocha, mwamuzi, katibu na sasa mwenyekiti. Jina lake limependekezwa mkoani mara kwa mara, na halijawahi kuvuka. "Sijaitwa Dar es Salaam hata kunywa maji," alisema. Aliongeza kwamba binti huyu alikuja kwake Sindeni hajui kufunga kamba za viatu vya mpira, na yeye ndiye aliyempakia kwenye baiskeli kumpeleka kwenye mechi wakati baba yake hataki kusikia habari za mpira. Leo watu wanampigia simu yeye, Mwenyekiti, wakimwomba namba ya Yusra.

Bi. Yusra aliomba kusema. Alisema yote hayo ni kweli na hajawahi kuyakana. Alisema siku aliposikia habari hii hakumwambia hata mume wake. Alipanda gari hadi Sindeni kumwambia mzee kwanza. "Nikakukuta shambani. Ukaniambia mahindi yana wadudu. Nikangoja useme neno lingine, hukusema. Nikarudi."

Mwenyekiti alisema mahindi yalikuwa na wadudu kweli.

Bi. Yusra alisema haogopi kukosa nafasi, kwani mpira ataendelea kufundisha hapa hapa. Anachoogopa ni kwenda huko huku mzee akiwa amemnunia. Baada ya hapo sauti haikusikika vizuri, na Bi. Edna alimpa leso.

KUMB. NA. 4/2025: KURA
Bi. Yusra alitoka nje, kwa kuwa jambo linamhusu. Bi. Edna alipiga kura ya kuthibitisha. Ndg. Iddy alipiga ya kukataa, akisema anafanya hivyo kwa ajili ya Handeni. Kwa kuwa kura zililingana, kanuni ilimtaka Mwenyekiti aamue.

Mwenyekiti aliomba aende kuswali alasiri kwanza. Alikawia. Aliporudi aliuliza mjumbe wa kamati ya taifa hukaa muda gani. Katibu alijibu kwamba ni miaka minne.

Ndipo Mwenyekiti alipoeleza, na yanaandikwa kama alivyoyasema: "Wivu ninao. Nimeswali nao na nimerudi nao. Nikimzuia hautaondoka, nitakaa naye meza hii kila kikao, na kila nikimtazama nitajua nilichomfanyia. Bora aende. Naafiki."

Ndg. Iddy alishauri maneno hayo yasiingie kwenye kumbukumbu, kwa sababu mkoa utasoma. Mwenyekiti alisema waache wasome.

UAMUZI: Bi. Yusra Salimu amethibitishwa. Katibu atapeleka jibu mkoani Jumatatu.

KUMB. NA. 5/2025: MENGINEYO
Bi. Yusra aliitwa ndani na kuelezwa uamuzi. Alipiga goti mbele ya Mwenyekiti kumshukuru. Mwenyekiti alimwambia ainuke, sakafu ina vumbi.

Bi. Edna alipendekeza iandaliwe hafla ndogo ya kumpongeza. Ndg. Iddy aliunga mkono, ila ifanyike Handeni. Ilikubaliwa. Mwenyekiti alisema yeye hatahudhuria. Bi. Edna alipomsihi, alisema, "Kura nimeitoa. Kicheko msinidai."

Bi. Yusra alisema hatamdai.

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA KIKAO
Wajumbe walisimama saa 11:20 jioni, na Mwenyekiti akaongoza dua. Aliwaombea wagonjwa, mvua, na timu zote za Umoja. Jina la Bi. Yusra hakulitaja. Ila alimwombea kwa kirefu yeyote atakayesafiri kwenda Dar es Salaam, hadi Ndg. Iddy akaitikia "amina" kabla hajamaliza, na Mwenyekiti akaendelea.

........................................
Mustafa Sabiri
MWENYEKITI

........................................
Gregori Mikaeli
KATIBU