Usiku wa Tisa wa Mama

Birmingham, 12 Novemba 1979. Mwaka wa sita tangu niondoke Jamaika.

Dada Icilda,

Mgongo umechoka kubeba maspika ya bendi ninayoifanyia kazi, lakini nashukuru. Niliposhindwa kuja kumzika Mama, wale vijana wa Kiingereza wanaopiga rege waliahirisha onyesho. Usiku wa tisa wa msiba wakaja chumbani kwangu wamevaa nyeusi, wananong'ona.

"Pole, Kaka Lascelles," akasema Clive, mpiga dramu.

"Mbona mmenuna kama polisi? Kwetu usiku wa tisa tunacheza, ndipo roho ya marehemu iondoke!" nikawaambia.

Wakaupiga kwa rege wimbo wa kanisani alioupenda Mama. Bibi mwenye nyumba akaja kugomba, akaishia kucheza. Ndipo nikalia.

Bendi inavunjika Machi. Aprili narudi nyumbani; nipokee, unipeleke kaburini kwa Mama.

Kaka yako,
Lascelles