Amiba wa Singe

Maisaka, Babati

Kaka Alois,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Dodoma. Sisi wazima. Baba miguu bado inamsumbua, ila uji anakunywa na kufoka anafoka kama kawaida. Mahindi ya Singe yamestawi, na aliyeyapalilia unamjua.

Maagizo yako nimeyapata. Unasema mtoto wa mwisho ndiye hubaki na boma la wazazi, kwa hiyo niache ualimu nihamie Singe, na dada Vailet arudi kwa mumewe, yule yule aliyemvunja mkono. Halafu unanichapa kwa fimbo yangu mwenyewe: eti si mimi niliyewaeleza Krismasi kwamba mwili una seli nyingi, za damu zinabeba hewa, za neva zinapeleka taarifa, kila moja na kazi yake? Familia ni mwili, unasema, kila mtu akae kwenye kazi yake.

Haya, mwalimu nakujibu. Seli haipewi kazi kwa kuzaliwa ya mwisho! Hufuata mahali ilipo na ishara za jirani zake, na ikishakomaa huwezi kuiamuru ya ini iwe ya moyo. Mimi nimekomaa kwenye chaki. Hata ng'ombe wakiniona wanajua ni mgeni.

Na huo mwili uko wapi? Vailet analima, anakamua, anapika, anamwogesha Baba, anampeleka hospitali. Wewe unapiga simu. Mimi naleta sukari. Kiumbe ambacho seli moja tu ndiyo inakula, inatembea, inapumua na kuzaa, tunakiita amiba. Tumemfanya dada yetu amiba, halafu tunajiita mwili! Aibu, kaka, yako na yangu.

Sasa kaa chini. Jumamosi nilimwita balozi wa nyumba kumi na mzee wa kanisa, nikakataa boma mbele ya Baba. Nilisema haki yangu ya kitinda mimba nampa Vailet. Baba akaweka kikombe chini, akasema alikuwa anangoja mmoja wetu aone mzigo anaoubeba Vailet. Akamkabidhi nyumba, ng'ombe na shamba. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Siku hizi jioni, nikitoka shule, Baba namwogesha mimi.

Kasirika upendavyo. Wasalimie shemeji na wanangu. Krismasi njooni wote Singe. Ila ukifika mlangoni, kaka, piga hodi, usubiri Vailet akukaribishe kwake.

Mdogo wako, nisiyejuta,
Wilbroad